Chunusi Moja Kabla ya Sendofu

Mnaopita kwangu hapa Rau asubuhi kuchukua maziwa, nawaona. Mnaniamkia shikamoo vizuri, mnanyoosha chupa, na wakati maziwa yanamiminwa mkono wa pili unapanda wenyewe hadi kidevuni, ukucha unaanza kukwangua. Nimestaafu saluni, lakini macho hayajastaafu. Juzi binti mmoja alikwangua hadi damu ikatoka, akajifuta kwa kiganja, akanipa chupa kwa kiganja hichohicho. Nikanyamaza, maana alikuwa anawahi shule. Ila nimekaa nikaona nisiponena na ninyi, nitakuwa nimebaki na ujuzi wa bure kama jembe lililoning'inizwa ukutani.

Nimepamba maharusi mjini Moshi tangu enzi za kitana cha chuma kinachopashwa juu ya jiko la mkaa, mpaka enzi hizi za kope za kubandika ambazo zikipata upepo zinataka kuruka. Watu hudhani kazi ya mpambaji ni rangi. Rangi ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kuwazuia watu wasijiharibu kabla hawajafika kwenye kiti chako, na adui mkubwa wa bibi harusi si mawifi, wala si mvua. Ni kucha zake mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mama Ndeshi. Siku ya kwanza nilifika kwake nikiwa na hamu ya kushika lipstiki. Akanishika vidole, akavigeuza kama mtu anayechagua parachichi sokoni, akanipa sabuni. "Rudi ukimaliza," akasema. Nikanawa, nikarudi. Akatazama tena, akanirudisha. Wiki yangu ya kwanza yote saluni ilikuwa ni kunawa na kufagia nywele.

Mama Ndeshi alikuwa na kisa alichomsimulia kila mwanafunzi. Zamani, akiwa bado anajifunza, alikuja mwanakwaya mmoja siku ya mkesha wa Pasaka. Alikuwa ametumbua chunusi shavuni, mbichi kabisa, na kesho yake alitakiwa asimame mbele ya kanisa aimbe peke yake. Mama Ndeshi akapaka poda juu ya kidonda, tabaka juu ya tabaka, hadi pakawa laini. Asubuhi shavu likawa limeumuka kama andazi, jicho linafunguka nusu. Yule mwanakwaya aliimba, sauti nzuri kabisa, na usharika mzima ukamwonea huruma wakidhani ameng'atwa na nyuki. Mama Ndeshi alikisimulia akicheka, kisha anakunja uso: "Ada ya somo hilo nimeshalipa mimi. Ninyi msilipe tena."

Somo lenyewe ni fupi. Chunusi ni kitundu cha ngozi kilichoziba, mafuta yamenasa ndani. Ukikiacha, mara nyingi kinatulia chenyewe. Ukikiminya kwa kucha, mafuta kidogo yanatoka nje, mengine unayasukuma ndani zaidi, na uchafu wa ukucha unaingia kufuatana nayo. Ulikuwa na kipele, sasa una kidonda. Na kidonda hakijui kwamba una sherehe.

Tena usidhani tabia hii ni ya wasichana tu. Nilikuwa na mteja mmoja wa kunyoa, kijana anayepandisha wageni mlimani. Alitumbua kipele juu ya pua asubuhi ya safari, akapanda nacho hivyohivyo, bila kofia ya maana, kwenye lile jua la juu linalochoma huku baridi ikikudanganya kwamba halichomi. Aliposhuka pua ilikuwa na doa jeusi kama punje ya kahawa iliyokaangwa. Doa lile alikaa nalo miezi. Wageni wakawa wanamtambua kwalo. Kwa hiyo mnaokwenda mlimani, shambani, kwenye bodaboda: ngozi iliyojeruhiwa ikipigwa jua, inaweka kumbukumbu. Vaa kofia.

Sasa niwaambie habari za Manka, maana huyo ndiye ninayemkumbuka kila nikimwona mtu na mkono shavuni.

Manka ni binti wa Masama, kwao ni watu wa kahawa na migomba, na yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa anaolewa na Godlisten, kijana mrefu anayefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, mpakani Holili. Jumamosi ilikuwa sendofu yake, ile sherehe ya kwao bibi harusi ya kumuaga binti. Alhamisi mchana mlango wa saluni ukafunguka, akaingia mtu aliyejifunika khanga kichwa kizima, na nyuma yake mama mmoja mnene mwenye mkoba mkubwa. Mama huyo alikuwa shangazi yake, Aikaruwa.

"Shikamoo mama," sauti ikatoka ndani ya khanga.

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," shangazi akajibu. "Amejitumbua."

Nikamkalisha, nikafunua khanga. Shavu la kushoto lilikuwa jekundu, limevimba, linang'aa kama lililopakwa mafuta, na ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Katikati kulikuwa na kidonda kidogo kinatoa majimaji. Nikamwambia anieleze tangu mwanzo, asifiche kitu, maana mgonjwa anayeficha hapati dawa yake.

Alieleza akitazama sakafu. Jumatatu ilikuwa chunusi moja tu. Akaiminya, haikutoka. Akatafuta sindano ya kushonea, akaichokoa, ikatoka damu. Jirani akamwambia limao linakausha, akapaka limao, pakawaka moto. Ili kupoza moto akapaka dawa ya meno. Pakawa pamekaza na panawasha zaidi. Halafu binamu yake akamletea kikopo cha krimu kisicho na jina, kimechanganywa na mtu sokoni, akisema usiku mmoja tu uso unakuwa kama wa mtoto.

"Na ukawa?" nikauliza.

"Ukawa hivi," akasema Manka.

Shangazi Aikaruwa alikuwa ameshasimama kwenye meza yangu anafungua vikopo vya fondesheni, anavilinganisha na shavu kwa mbali. "Tunachotaka ni ya kufunika tu," akasema. "Kesho tujaribishe, Jumamosi upake. Watu wamealikwa hadi kutoka Rombo."

"Hapo sipaki, shangazi."

"Hupaki?"

"Kidonda hakipakwi rangi. Nikipaka hapo leo, Jumamosi tutakuwa tunatafuta ya kufunika uso mzima."

Akavirudisha vikopo mezani kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayejizuia. "Mji huu una saluni nyingi."

"Zipo. Na mojawapo itapaka, hilo sikatai."

Shangazi akachukua mkoba wake. Alikuwa mteja mzuri, ukoo wao wote ulikuja kwangu, na nilijua nikimpoteza yeye nimepoteza nusu ya maharusi wa mlimani. Lakini shavu lile nilikuwa nimeshaliona katika kisa cha Mama Ndeshi. Kabla hatujafika mbali, Manka akajifunika tena khanga.

"Basi mimi sitoki," akasema. "Waambieni naumwa. Sherehe ifanyeni bila mimi."

"Sendofu bila wewe tutamuaga nani?" shangazi akauliza.

Mabega ya Manka yalikuwa yanatikisika chini ya khanga. Shangazi akakaa, hasira ikamtoka ghafla kama hewa kwenye mpira, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, tufanyeje sasa?"

Jambo la kwanza nililofanya si la saluni. Niliwachukua tukatembea hadi zahanati ya jirani. Mimi ni mpambaji, si mganga, na mpambaji mwenye akili anajua mpaka wa shamba lake. Muuguzi akamtazama, akabonyeza pembeni mwa uvimbe, akauliza kama ana homa, kama jicho linauma, kama wekundu unaenea. Manka akasema hapana.

"Haijaenea," muuguzi akasema. "Sehemu kubwa hapa ni ngozi iliyochomwa. Limao, dawa ya meno, na hiyo krimu. Hata haijui ipigane na nani."

Akampa dawa ya kupaka kwenye kidonda, akamkataza vingine vyote. Kisha akatuambia jambo ambalo nataka mlishike: uvimbe ukipanda kuelekea jichoni, ukipata homa, usaha ukizidi au uso ukawa wa moto na maumivu makali, hasa pale karibu na pua na mdomo, usikae nyumbani kusikilizia. Nenda zahanati siku hiyohiyo.

Tukarudi saluni. Nikamsafisha kwa maji safi ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kwa vidole vilivyonawa, bila kusugua. Nikakausha kwa kugusagusa kwa kitambaa safi. Kisha nikalowanisha kitambaa kingine kwenye maji baridi, nikakikamua, nikamwekea shavuni, kikipata joto nakibadilisha. Kwenye kidonda nikapaka dawa ya muuguzi, na kwenye ngozi iliyokauka pembeni mafuta ya mgando yale ya kawaida, kidogo tu. Basi. Shangazi aliangalia akingoja sehemu inayofuata.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hiyo. Sasa kazi iliyobaki ni ngumu kuliko yote. Asiguse."

Na kweli, hata nilipokuwa nasema, mkono wa Manka ulikuwa njiani. Hakujua kabisa. Nikaukamata hewani. Nikamkata kucha fupi, nikamfunga plasta kwenye ncha ya kidole cha shahada na ya kidole gumba, ili kidole kikigusa shavu kishtuke kwamba hakihisi kitu. Kisha nikamletea sinia la maharage niliyokusudia kupika usiku, nikamwambia achambue. Mkono hauachi tabia kwa kukatazwa. Unapewa kazi nyingine.

Mtu akichambua maharage anasema yaliyo moyoni. Baada ya muda Manka akasema huwa anajikwangua akiwaza. Alianza kidato cha pili, wakati wa mitihani. Akiwa na furaha uso wake unakuwa safi, akiwa na wasiwasi anaamka ana madoa na hakumbuki aliyafanya lini.

"Na sasa unawaza nini?" nikamuuliza. "Humtaki Godlisten?"

"Namtaka," akasema upesi. "Naogopa ile sehemu ya kumtafuta."

Kama hujahudhuria sendofu, nikueleze. Bwana harusi anakuja ukweni siku hiyo na kukaa katikati ya wageni, haonyeshwi. Bibi harusi anatoka na mpambe wake, muziki unapigwa, anazunguka meza kwa meza anamtafuta. Akimwona anamshika mkono, anampeleka mbele kumtambulisha kwa wazazi. Ukumbi mzima macho kwake, na mpiga picha ana taa yake inayomulika hata vinyweleo.

"Lakini wewe ni mwalimu," shangazi akasema. "Kila siku unasimama mbele ya watu."

"Watoto wa darasa la pili hawaniangalii mimi, shangazi. Wanaangalia ubao."

Shangazi akacheka, akavuta kiti, akaanza na yeye kuchambua. Tukamaliza maharage yale watatu. Jioni walipoondoka shangazi hakuwa amesema kama watarudi kwangu Jumamosi au wataenda saluni nyingine.

Ijumaa shangazi akapiga simu. "Wekundu umepungua," akasema bila salamu. "Kimeanza kufunga kigaga. Anataka kukibandua."

"Mpe maharage mengine."

"Maharage yameisha. Nimempa njegere."

Jumamosi asubuhi walikuja wote wawili. Uvimbe ulikuwa umetulia, ngozi imepoa, ila kigaga kilikuwa pale, chekundu kahawia, na mtu yeyote angekiona. Nikawaambia ukweli: leo kitaonekana. Kwa hiyo mashavu yote mawili hatuyapaki kitu, ili upande mmoja usimtolee ushahidi mwenzake. Nguvu zote nikazipeleka machoni na mdomoni. Wanja, nyusi, lipstiki nyekundu iliyokolea, na hereni kubwa za dhahabu bandia ambazo zikicheza mtu hana budi kuzitazama. Huo ndio ujanja wetu. Huwezi kuamuru watu wasitazame mahali, lakini unaweza kuwapa pengine pazuri pa kutazama.

Mpambaji huwa habanduki ukumbini, jasho likitoka yeye yupo na kitambaa. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni, karibu na mpishi aliyekuwa analinda ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, nikaona kila kitu.

Muziki ukaanza. Manka akatoka, mpambe pembeni, taa ya mpiga picha usoni. Akazunguka meza za kwanza, watu wanapiga vigelegele, wanampungia vitambaa. Hayupo. Akaenda meza za kulia. Hayupo. Wimbo ukaisha, wakaurudia. Mshereheshaji akawa anatania kwenye kipaza sauti kwamba bwana harusi labda amezuiliwa mpakani hajalipiwa ushuru. Watu wakacheka. Wimbo ukaisha mara ya pili, na vicheko vikapungua, ukaanza mnong'ono. Manka akasimama katikati ya ukumbi peke yake. Nikaona mkono unapanda. Ukafika begani, ukafika shingoni. Nikashika mlango. Kisha akaushusha, akakamata gauni kwa mikono yote miwili, akalinyanyua kidogo kama mtu anayevuka matope, akaelekea meza za nyuma kabisa.

Pale mwisho alikaa mtu amevaa suti na skafu ya sufu imezungushwa hadi masikioni. Moshi mjini, mchana, watu wamejaa, feni hazitoshi, na yeye ana skafu. Manka akampita. Akasimama. Akarudi nyuma.

"Godi?"

Mshereheshaji alikuwa ameshafika na kipaza sauti chake, kwa hiyo yaliyofuata tuliyasikia sote.

"Mbona umejifunika?"

"Kinyozi," Godlisten akasema. "Alininyoa hadi kwenye nyama, akapaka spiriti. Vikatoka vipele."

"Ndiyo vikuzuie kuonekana?"

"Nikaviminya."

"Vyote?"

"Foleni ya malori ilikuwa ndefu. Nilikuwa na kioo cha gari."

Manka akavuta skafu. Shingo ilikuwa kama ganda la fenesi. Alitazama, akashika meza, akacheka kicheko ambacho bibi harusi hachekagi, cha kuinama na kukosa pumzi. Ukumbi ukacheka naye. Alipopata pumzi akageuza shavu la kushoto akalipeleka mwenyewe kwenye taa.

"Na mimi," akasema. "Ndiyo maana tangu juzi sikupokea simu."

"Nilifurahi hukupokea," Godlisten akajibu. "Nilikuwa naogopa utasema tupigiane ya video."

Manka akampa mpambe ile skafu, akamshika Godi mkono, wakaenda mbele kwa wazazi hivyohivyo. Shangazi Aikaruwa alikuwa anapiga vigelegele kuliko wote, kisha nikamsikia akimwambia aliyekaa naye, "Angalau wamefanana."

Baada ya keki nilimvuta bwana harusi jikoni, nikaosha shingo kwa maji safi, nikachukua barafu ya kreti la soda nikaizungushia kitambaa nikamkanda. Ninyi vijana wa kiume mnaoota ndevu, lainisheni kwanza kwa maji ya moto, nyoeni kufuata zinakolala, wala msinyoe hadi kwenye mfupa kama mnaondoa rangi ya mlango. Na vipele vikitoka, acheni wembe upumzike, mikono pia.

Kigaga cha Manka kilianguka chenyewe baada ya harusi. Pakabaki doa la kahawia, akalikinga na jua kwa kofia pana ambayo wanafunzi wake waliipenda sana, na polepole likafifia. Tabia haikuisha siku moja. Kuna wiki za mitihani bado ananipigia, tunazungumza hata hatutaji uso, mpaka nasikia amecheka. Nikisikia hivyo najua mikono imetulia.

Picha za sendofu zilipokuwa tayari, mpiga picha aliwaita wazichague. Nilikuwepo, maana nami nilikuwa nadai yangu ya kumbukumbu. Akawaonyesha ile kubwa, wamesimama mbele ya wazazi wameshikana mikono, akasema siku hizi kompyuta inaweza kila kitu, wakitaka atakiondoa kigaga cha bibi harusi na vipele vya bwana harusi, isijulikane kabisa.

Manka akaisogelea picha. Nikadhani atasema iachwe ilivyo.

"Changu futa," akasema. "Vyake viache."

Ipo ukutani nyumbani kwao hadi leo. Manka ana shavu laini kama yai, na kando yake Godlisten shingo imejaa vipele mpaka vinataka kuhesabika. Mgeni akiingia lazima aitazame, na lazima aulize bwana harusi alikuwa anaumwa nini. Godlisten hufungua mdomo ili aeleze, na kila mara mkewe humwahi.

"Haumwi," anasema. "Ndivyo nilivyomkuta."